Uzi: Eyam, kijiji cha tauni milimani Uingereza. Kujifungia kuliokoa watu au kuliua?

#1 Jiwe la Pembeni

Wakuu, salaam.

Kwenye malisho kati ya vijiji vya Eyam na Stoney Middleton, milima ya Derbyshire, kuna jiwe pana lililolala ardhini. Mgongoni lina matundu sita, kila moja linapokea ncha ya kidole, na kingo zimelainika kama za kinu cha zamani. Mwaka 1666 watu wa Eyam waliweka sarafu kwenye matundu hayo, wakamimina siki, wakaondoka. Wa kijiji cha pili walikuja baadaye, wakachukua sarafu, wakaacha chakula.

Kisa kwa kifupi: Agosti 1665 robota la kitambaa lilitoka London, mji uliokuwa unateketea kwa tauni, likafika kwa fundi cherehani Alexander Hadfield. Msaidizi wake, George Viccars, alikuta kitambaa kina unyevu, akakitandaza mbele ya moto kikauke. Tarehe 7 Septemba akazikwa. Kijiji kikajifungia chenyewe, hakuna kutoka wala kuingia, na ugonjwa haukuvuka. Waliokufa ni karibu 260.

Hoja yangu: kujifungia kuliwaokoa majirani, lakini kuliwaua Waeyam wenyewe. Wangetawanyika mapema wangepona wengi. Wanaojua historia, majengo na tiba, karibuni.

#2 Mzee wa Ramani

Kwanza jina. Linatamkwa "Im", silabi moja. Kwenye kitabu cha Domesday cha 1086, orodha ya kale ya ardhi za Uingereza, limeandikwa Aiune. Mzizi wake ni neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya kisiwa, kwa sababu kijiji kimekaa kwenye ukanda wa ardhi kati ya vijito. Leo wakazi ni chini kidogo ya 1,000, ndani ya hifadhi ya taifa ya Peak District.

Kabla ya tauni kuna mengi. Uani mwa kanisa la Mtakatifu Lawrence kuna msalaba wa mawe wa karne ya 8. Angalia umbo lake: kichwa ni kikubwa kuliko shina linavyostahili. Kipande cha juu cha shina kilipotea, kichwa kikawekwa moja kwa moja juu ya kilichobaki. Asili yake ulikuwa mrefu zaidi.

#3 Bint Kombo

Mleta uzi, tarehe zako zinahitaji kunyooshwa, na zikinyooshwa hoja yako inabadilika.

Hawakujifungia alipokufa Viccars. Karantini iliamuliwa Juni 1666, miezi tisa baadaye. Septemba 1665 walikufa wachache, Oktoba 23, halafu baridi ikaja na vifo vikapungua. Watu wakadhani yamepita. Kiangazi vifo vikaamka tena: Julai 56, Agosti 78.

Maamuzi yalikuwa matatu. Kila familia izike watu wake yenyewe, bustanini au shambani, bila kupita kanisani. Ibada ihamie nje, kwenye bonde la Cucklet Delf lenye pango kama tao, kila familia isimame mbali na nyingine. Na mpaka usivukwe. Kwa hiyo usiseme "kujifungia kuliwaua" bila kutenganisha waliokufa kabla ya Juni na baada yake.

#4 Jiwe la Pembeni

Nimepokea sahihisho, asante. Ila umeniongezea hoja: vifo vingi vimekuja BAADA ya kufunga mpaka. Si ndiyo nilichosema?

#5 Bint Kombo

Hapana. Tauni ya mitoki Ulaya ilikuwa na desturi ya kupanda kiangazi hata kwenye miji isiyofungwa. London ambayo matajiri waliikimbia kwa magari ya farasi ilifika kilele Septemba 1665. Kupanda kwa Julai hakuthibitishi kosa la mpaka.

#6 Hesabu za Kale

Tusikimbilie mbele kabla ya kukubaliana kuhusu namba, maana hapa ndipo kisa chote kinaponing'inia.

Kasisi William Mompesson aliandika barua Novemba 1666 akisema familia 76 ziliguswa na waliokufa ni 259. Namba hiyo iko imara, rejista ya kanisa haiko mbali nayo. Tatizo ni kugawanya kwa ngapi. Vitabu vya zamani vinasema kijiji kilikuwa na watu 350 wakabaki 83. Kwa hesabu hiyo walikufa watatu katika kila wanne, jambo la kutisha. Utafiti wa Whittles na Didelot wa mwaka 2016 ulikadiria parokia ilikuwa na watu karibu 700, ukahesabu vifo 257. Hapo inakuwa kama mmoja na kidogo katika kila watatu.

Tofauti hiyo si ndogo. Ukishika 350 unasema kijiji kilijiua kwa hiari. Ukishika 700, Eyam iliumia vibaya lakini wengi walitoka hai. Pia rejista tuliyonayo ni nakala iliyoandikwa upya mwanzoni mwa karne ya 18, si karatasi aliyoshika Mompesson mwaka ule.

#7 Daktari wa Mitaani

Naomba niweke utaratibu wa ugonjwa.

Tauni ni bakteria, Yersinia pestis. Kiroboto akinyonya damu ya panya mgonjwa, bakteria huzaliana tumboni mwake mpaka wanaziba njia ya chakula. Kiroboto anabaki na njaa, anauma tena na tena, na kwa kuwa njia imeziba anatapika damu yenye bakteria ndani ya jeraha. Mtu akiumwa, kwa siku 2 hadi 8 haoni kitu. Halafu homa, kutetemeka, na mtoki unavimba kinenani, kwapani au shingoni. Bila dawa, hufa kati ya asilimia 30 na 60. Ugonjwa ukifika kwenye mapafu, mgonjwa anakohoa na kumwambukiza mtu moja kwa moja, na hapo bila dawa karibu wote hufa.

Kisa cha kitambaa kinaingia hapo: viroboto walikuwa kwenye mikunjo, joto la moto likawaamsha, Viccars akawa wa kwanza. Kisayansi kinawezekana. Lakini kinawezekana pia bila kitambaa, maana msafiri mmoja au panya mmoja kwenye mzigo wa nafaka anatosha.

#8 Mlalo Juu

Daktari, ongeza kiroboto wa binadamu, Pulex irritans. Huu si ugeni kwetu. Wilaya ya Lushoto, Usambara Magharibi, ilikuwa na milipuko ya tauni tangu 1980 na kuendelea kwa zaidi ya miaka 20. Utafiti uliochapishwa 2007 ulikuta vijiji vyenye tauni ya mara kwa mara vilikuwa na viroboto wengi zaidi wa binadamu ndani ya nyumba kuliko vijiji vingine.

Na hao watafiti wa Eyam wa 2016 walifika karibu na hapo hapo kwa njia ya hesabu. Walichukua tarehe za vifo na nani aliishi na nani, wakapata kwamba maambukizi kutoka kwa panya yalikuwa robo tu. Robo tatu zilitoka mtu kwa mtu, ama kwa pumzi, ama kwa viroboto na chawa wanaohama kutoka blanketi moja kwenda jingine. Kama hilo ni kweli, kuzuia watu kutembeleana na kuhamishia ibada nje kulikuwa na maana kubwa, hata kama wenyewe hawakujua kiroboto ni nini.

#9 Kasuku wa Pwani

Mkuu Mlalo, uzi wa Derbyshire lakini umeshapanda Usambara! Haya, turudishe.

#10 Mlalo Juu

Milima ni milima, ndugu yangu. Ukungu, nyumba zenye moto katikati, watu wanalala pamoja kwa baridi. Kiroboto hajui pasipoti.

#11 Daktari wa Mitaani

Hoja ya pumzi naikataa nusu. Kama ingekuwa tauni ya mapafu tupu, tusingekuwa na waliougua wakapona. Eyam wanao kwenye masimulizi yao: Margaret Blackwell, anayesemwa alikunywa mafuta ya moto ya nyama ya nguruwe akiwa hoi akapata nafuu, na Marshall Howe, aliyepona halafu akawa mzikaji wa kijiji na kuchukua vitu vya marehemu kama ujira. Mke wake na mtoto wake walikufa. Kuna wanaosema aliwaletea ugonjwa kwenye nguo alizobeba, na ukikubali viroboto wa binadamu, si neno la kupuuza.

#12 Mchanganya Nasaba

Hamjagusa vinasaba. Miaka ya 2000 kundi la mtaalamu wa vinasaba Stephen O'Brien lilipima wazao wa waliopona Eyam, likakuta badiliko la kinasaba liitwalo CCR5-delta 32 kwa asilimia 14. Badiliko hilo linazuia virusi vya UKIMWI kuingia kwenye seli. Dhana ikawa kwamba lilizuia na tauni, ndiyo maana wenye nalo walibaki. Elizabeth Hancock alizika mume na watoto sita yeye mwenyewe hakuugua. Unaelezaje?

#13 Hesabu za Kale

Asilimia 14 haiko mbali sana na inayopatikana Ulaya Kaskazini kwa jumla. Na mwaka 2004 panya wa maabara waliokosa CCR5, kama walivyo wenye badiliko hilo, waliambukizwa tauni, wakafa kama wengine. Kuna waliohamisha hoja kwenda kwenye ndui, kwamba ndui ndiyo iliyochuja watu kwa karne nyingi. Hilo lina uzito zaidi.

Na wapo waliosema haikuwa tauni kabisa. Susan Scott na Christopher Duncan, 2001, walidai ni kirusi cha kutokwa damu, kwa sababu ugonjwa ulikwenda upesi na panya hawaonekani kwenye simulizi. Mwaka 2016 meno ya watu waliozikwa London 1665 yalitoa vinasaba vya Yersinia pestis. London imethibitika. Eyam yenyewe makaburi yake yametawanyika mashambani, hayajafukuliwa.

#14 Mchanganya Nasaba

Basi nasubiri meno ya Eyam. Dhana yangu siitupi kwa panya wa maabara.

#15 Fundi Saa

Samahani kwa kukata mjadala, ila aliyetaja kanisa asiache saa ya jua! Iko ukutani juu ya mlango wa upande wa kusini, ya 1775. Ni bamba la mistari mingi kuliko saa ya kawaida: miezi ya jua, pande za dira, na mistari inayoonyesha adhuhuri ya miji ya mbali, Maka ikiwemo.

Hesabu yake ni rahisi. Jua linakwenda nyuzi 15 kwa saa, yaani nyuzi 1 kwa dakika 4. Maka iko karibu nyuzi 39.8 mashariki, Eyam karibu nyuzi 1.7 magharibi. Tofauti 41.5, mara 4, dakika 166. Kivuli kikigusa mstari wa Maka, Eyam ni saa 3 na dakika 14 asubuhi, na Maka jua linapinduka.

#16 Mzee wa Ramani

Uzuri. Ila mwambie msomaji kuwa hiyo ni saa ya jua ya hapo hapo, si ya simu. Kupata saa ya London ongeza karibu dakika 7, ukitoka nje ya majira ya kiangazi. Kisha rekebisha kwa msimu: mapema Novemba saa ya jua inatangulia kwa dakika 16, katikati ya Februari inachelewa kwa 14. Na kwa kuwa iko kwenye ukuta unaotazama kusini, kiangazi jua la alfajiri na la jioni liko nyuma ya ukuta, halisomeki.

#17 Kisima Kirefu

Nirudi kwenye matundu ya siki ya #1, maana kuna sehemu mbili zinazochanganywa. Jiwe la Mpaka liko upande wa Stoney Middleton. Kisima cha Mompesson kiko juu, njia ya Grindleford, ni chemchemi iliyojengewa mawe. Huko sarafu ziliachwa kwenye maji yanayotiririka au siki. Vyakula na dawa vilitoka pia kwa Earl (lodi) wa Devonshire aliyekaa kwenye jumba la Chatsworth, na bila huo msaada mpaka usingedumu wiki mbili. Watu wenye njaa hawafungiki.

Kwa nini chemchemi iwe juu pale? Eyam imekaa kwenye mshono wa miamba. Juu ya kijiji, Eyam Edge, ni mawe magumu ya mchanga na matope yaliyogandamana, maji hayapenyi, yanatokeza kama chemchemi. Chini ya kijiji ni mawe ya chokaa, na hapo vijito vinamezwa na mashimo vinapotelea mapangoni. Ukijenga juu zaidi uko kwenye upepo, ukijenga chini zaidi huna maji. Ndiyo maana kijiji ni kirefu na chembamba kama mkeka, kinafuata mshono. Mwaka 1588 walishaleta maji kwa mabomba hadi kwenye mabirika ya mawe barabarani, na hadi leo baadhi yapo. Ni miongoni mwa vijiji vya kwanza Uingereza kuwa na maji ya umma.

#18 Kasuku wa Pwani

Siki ilisaidia au ni mazingaombwe tu?

#19 Daktari wa Mitaani

Siki ya kawaida ina asidi kama asilimia 5, inaua bakteria wengi juu ya chuma ikipewa muda. Lakini sarafu haikuwa njia kuu ya tauni hata bila siki, maana kiroboto hakai kwenye fedha. Faida kubwa naiona kwenye umbali: mnunuzi na muuzaji hawakukutana. Wao waliamini hewa mbovu, wakafanya jambo sahihi kwa sababu isiyo sahihi.

#20 Kisima Kirefu

Sikubaliani na "sababu isiyo sahihi". Walijua mgonjwa na vitu vyake vinaambukiza. Hiyo ndiyo nusu ya elimu.

#21 Wino Mkavu

Wakuu, tumeacha swali la nani aliamua. Sifa zote anapewa Mompesson, kijana aliyefika 1664. Kijiji hakikumpenda. Waliyempenda ni kasisi aliyemtangulia, Thomas Stanley, mpuritani (Mprotestanti mwenye msimamo mkali) aliyeondolewa kanisani na aliyekataa kuapa chini ya sheria ya ibada ya 1662. Bila Stanley kusimama upande wa Mompesson watu wasingemsikiliza. Wawili waliotofautiana kwa imani walikubaliana kwa ajili ya kijiji.

Pia tuseme yasiyopendeza. Mompesson aliwapeleka watoto wake wawili Yorkshire kabla ya mpaka kufungwa, na wenye uwezo wengine walitoka mapema. Waliobaki wengi ni wale wasio na pa kwenda. Mke wake Catherine alibaki, akafa 25 Agosti 1666 akiwa na miaka 27, na kaburi lake liko karibu na ule msalaba wa karne ya 8. Mwanahistoria Patrick Wallis ameonyesha kuwa simulizi ya "kijiji kilichojitoa mhanga" ilijengwa taratibu karne za 18 na 19, kwa mashairi, mahubiri na historia ya William Wood ya 1842. Kwa hiyo "hiari" ni neno la kupimwa.

#22 Bint Kombo

Hiari au la, mpaka haukuwa na ukuta wala askari wa kutosha. Mtu aliyetaka kutoroka usiku kupitia nyika angeweza. Wengi hawakutoroka. Hilo Wallis halifuti.

#23 Chimba Risasi

Mmesahau riziki yao. Hapa ni nchi ya madini ya risasi. Chini ya desturi ya Derbyshire, mchimbaji aliruhusiwa kutafuta risasi kwenye ardhi ya mtu, isipokuwa uani mwa kanisa, bustanini, kwenye miti ya matunda na barabarani. Madini yalipimwa kwa sahani maalum mbele ya msimamizi, na mahakama yao yenyewe ilihukumu. Kasisi wa Eyam alipata zaka ya risasi, ndiyo maana parokia hii ilikuwa na thamani kuliko ukubwa wake.

Mchimbaji mwenye haki ya mshipa wa madini akiuacha bila kuufanyia kazi, mwingine angeweza kuudai. Ukimwuliza kwa nini hakukimbia, weka na hilo kwenye mizani. Na kijiji hakikufa: Eyam Hall, nyumba kubwa ya mawe, ni ya 1671. Miaka mitano baada ya tauni kulikuwa na fedha na mafundi wa kujenga.

#24 Kasuku wa Pwani

Kuna aliyesikia wanapamba visima kwa maua? Nasikia ni Agosti.

#25 Kisima Kirefu

Mwisho wa Agosti, wiki ya kumbukumbu ya tauni, Jumapili ya mwisho wanafanya ibada Cucklet Delf. Kupamba visima ni kazi ya ufundi hasa, si kumwaga maua.

Ubao wenye fremu unalowekwa mtoni au bwawani siku kadhaa. Ubao mkavu unanyonya maji ya udongo, udongo unapasuka kabla ya sherehe, na hilo ndilo kosa la kwanza. Misumari inapigwa nusu ili ishike udongo. Udongo wa mfinyanzi unakandwa kwa miguu pamoja na maji na chumvi, chumvi inauzuia kukauka. Unabandikwa unene wa sentimita 2 au 3, unalainishwa. Karatasi ya mchoro inawekwa juu, mistari inatobolewa kwa pini, karatasi inatolewa. Mistari hiyo inafuatwa kwa vitu vigumu: maharage meusi, buni za kahawa, mbegu za miti. Kisha majani, kuvu za mawe, na mwisho kabisa petali, kwa sababu ndizo zinazokufa upesi.

Petali zinabandikwa moja moja kwa kidole gumba, kuanzia chini kwenda juu, ya juu ikifunika ya chini. Ni kama kuezeka makuti. Ukianzia juu, mvua inaingia nyuma ya petali na picha nzima inateremka. Udongo ukiwa laini mno unashuka na misumari yake. Ukienda vizuri unadumu kama wiki.

#26 Jiwe la Pembeni

Nimejifunza. Hoja yangu ya #1 nailegeza: siwezi kusema kujifungia kuliwaua kwa ujumla. Lakini bado kuna nyumba moja inanisumbua, ya Hancock, pale Riley, mashariki ya kijiji, shambani, mbali na wengine. Ukuta wa duara, mawe saba ndani yake. Hao walikuwa wametengwa tayari na walikufa karibu wote.

#27 Hesabu za Kale

Tarehe zao ziko kwenye rejista, wote Agosti 1666. John mdogo na Elizabeth mdogo tarehe 3. Baba, William na Oner tarehe 7. Alice tarehe 9, Anne tarehe 10. Mama akachimba na kuzika, kisha akaenda Sheffield kwa mwanawe aliyebaki, aliyekuwa anajifunza kazi huko.

#28 Mlalo Juu

Wawili siku moja, kisha siku nne, watatu siku moja. Siku nne hizo ndizo naziangalia. Zinatosha viroboto wa blanketi za wawili wa kwanza kuhamia kwa wengine.

#29 Daktari wa Mitaani

Zinatosha pia kwa pumzi, tena kwa urahisi zaidi. Na zinatosha kwa panya mmoja aliyekufia kwenye paa la nyumba hiyo mwishoni mwa Julai, viroboto wake wakashuka kwa watu wote kwa wakati mmoja, na kila mwili ukachukua siku zake.